Mizani Mbili: Historia ya Ghala na Mzigo Wake

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limechapwa kama lilivyosomwa redioni, ili waliokosa kulisikia wapate kulisoma, na waliolisikia walirudie pamoja na mwalimu wao.

Kaeni vizuri, na kila mmoja awe na kalamu na daftari lake, maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ghala. Huenda mmoja wenu akacheka na kusema, "Ghala ni nyumba ya kuwekea magunia tu. Lina historia gani?" Subiri kidogo, ndugu yangu. Ghala limelisha watu, limewatajirisha watu, na ghala limeua watu. Tukifuata habari zake tangu kihenge cha babu hadi rafu za chuma za siku hizi, tutaona jambo moja ambalo kila mtu anayebeba mzigo, au anayepita chini ya mzigo, yampasa kulijua.

KIHENGE CHA BABU

Tuanze nyumbani. Zamani katika Usukuma kila mji ulikuwa na kihenge, na hata leo viko vijiji ambamo utavikuta. Kihenge kilisukwa kwa fito mfano wa kapu kubwa, kikakandikwa kwa udongo au kwa samadi ya ng'ombe, kisha kikafunikwa kwa paa la nyasi kama kofia. Ndani yake kiliwekwa mtama na uwele, na baadaye mahindi. Palikuwa pia na vyakula vilivyokaushwa, kama michembe na matobolwa, vya kumvusha mtu hadi mvua nyingine.

Kihenge hakikukaa juu ya ardhi tupu. Kiliinuliwa juu ya mawe, au juu ya magogo na nguzo, ili unyevu usipande, panya wasiingie kwa urahisi, na mchwa waonekane wanapoanza kujenga njia yao.

Mwenye kihenge alikuwa na maswali mawili kila mwaka. La kwanza, mavuno yangu ni kiasi gani? La pili, je, kihenge changu kitaweza kuyabeba? Maswali yote mawili aliyajibu mwenyewe. Nguzo alizikata mwenyewe, akajua ni mti gani mgumu na ni mti gani mchwa wanaupenda. Kihenge alikisimamisha mwenyewe. Na siku ya kukijaza, yeye ndiye aliyekijaza. Kama nguzo moja ilianza kulegea, alikuwa anakumbuka ni ipi, na ni tangu lini.

Shikeni neno hili vizuri, maana ndilo msingi wa somo: aliyejenga ghala na aliyelijaza alikuwa mtu yule yule. Elimu ya nguvu ya ghala haikuhitaji kuandikwa popote. Ilikaa kichwani mwa mwenye mji.

GHALA LILILOANGUKA

Lakini hata kihenge kilianguka mara kwa mara. Tuondoke kidogo Usukuma, twende mbali upande wa kaskazini-magharibi, mpakani mwa Kongo na Sudan Kusini, katika nchi ya Wazande. Katika miaka ya 1920 Mwingereza mmoja, Bwana E. E. Evans-Pritchard, alikwenda kukaa na Wazande ili ajifunze fikira na desturi zao. Mwaka 1937 alitoa kitabu juu yao, na ndani yake alieleza habari za maghala.

Maghala ya Wazande yalisimama juu ya nguzo, na wakati wa jua kali watu walipenda kuketi chini yake, wapate kivuli na mazungumzo. Siku nyingine ghala lilianguka na kuwaumiza waliokaa chini. Wazande walijua wazi kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini waliuliza swali jingine: kwa nini lianguke saa ile ile ambayo watu hawa, na si wengine, wameketi chini yake? Na jibu lao lilikuwa uchawi.

Tusiwacheke Wazande. Mtu aliyepatwa na msiba huuliza, kwa nini mimi? Ni swali la kibinadamu, na kwetu linaulizwa pia. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa swali hilo limewaponza wazee wengi, hasa bibi zetu, waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Ni aibu yetu, na katika darasa la watu wazima haifai kuificha.

Mimi nawaomba tugeuze mpangilio wa maswali. Kabla ya kuuliza ni nani aliyelisukuma ghala, tuulize hali ya nguzo. Tena tuulize mapema, ghala likiwa bado limesimama. Mchwa hakai siku moja akaangusha nguzo. Hula usiku na mchana, miezi na miezi, na njia yake ya udongo huonekana kwa yeyote anayeinama kutazama.

MIZANI YA KWANZA

Sasa turudi Usukuma, tuone jinsi ghala lilivyotoka mikononi mwa mwenye mji. Lililolitoa ni pamba.

Pamba ilianza kulimwa kama zao la biashara karibu na Ziwa Viktoria wakati wa utawala wa Wajerumani. Waingereza waliendelea kuieneza, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kikatafuta mbegu zilizofaa nchi yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, yaani baada ya mwaka 1945, wakulima wengi wa Usukuma walikuwa wanapata fedha zao kwa pamba. Lakini hawakuiuza wenyewe mbali. Waliipeleka kwenye kituo cha mnunuzi.

Fikiria hali ilivyokuwa. Mkulima ametembea na mzigo wake tangu alfajiri. Mnunuzi ana mizani. Mnunuzi ndiye anayesoma mizani, ndiye anayeandika ratili, na ndiye anayehesabu fedha. Mkulima anaona mshale unacheza, lakini tarakimu hazijui. Anaambiwa ni ratili kadhaa, anapokea, anaondoka. Moyoni anasema, nimepunjwa, lakini hana ushahidi.

Manung'uniko hayo ndiyo yaliyozaa ushirika. Karibu na mwaka 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, ili mzigo upimwe na mtu ambaye si mnunuzi. Mmoja wa viongozi wa harakati hizo alikuwa Bwana Paul Bomani, kijana ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu. Vyama vya msingi vya kwanza vya wakulima wa pamba viliandikishwa mwaka 1953. Mwaka 1955 vikaunganika katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, makao yake Mwanza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa inapita katika vyama vya wakulima wenyewe. Shirikisho hilo lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika katika bara zima.

Basi wazee wetu walishinda vita vya mizani. Hiyo naiita mizani ya kwanza, ile inayopima mzigo. Sasa tutazame ya pili.

GHALA LA CHAMA

Chama cha msingi kilihitaji ghala, ambalo wengi huliita godauni. Kuta za matofali, paa la bati, mlango mpana. Hapo ndipo pamba mbegu ilipowekwa ikingojea lori la kuipeleka kiwandani kuchambuliwa. Kiwandani nyuzi zilitengwa na mbegu, zikashindiliwa kwa mashine, zikatoka zikiwa robota.

Hapa pana jambo la kutazama kwa makini. Pamba mbegu isiyoshindiliwa ni nyepesi lakini inajaza nafasi. Robota ni dogo kwa macho lakini ni zito. Kipimo cha zamani cha robota moja la Afrika Mashariki kilikuwa ratili 400, yaani karibu kilo 181. Mtu anayetazama kwa jicho tu ataogopa chumba kilichojaa pamba mbegu hadi darini, na atadharau marobota kumi yaliyobanana pembeni. Lakini marobota kumi ni kilo 1,810! Jicho si mizani. Linaona ukubwa, halioni uzito.

Wapagazi wenye ujuzi walijua namna ya kupanga, na desturi zao zinafuatwa hata leo. Magunia hayawekwi juu ya sakafu tupu, bali juu ya chaga za mbao. Hupangwa kwa kupishana kama matofali ya ukuta, gunia la juu likishika mawili ya chini. Huachwa nafasi ya mita moja hivi kutoka ukutani, ili mtu apite kukagua, na ili rundo lisiegemee ukuta. Ukuta wa ghala umejengwa kuzuia mvua na wezi. Haukujengwa kusukumwa na magunia. Na wakati wa kutoa, hutolewa kuanzia juu, kwa kushuka ngazi kwa ngazi. Mvivu anayechomoa gunia la chini au la katikati anajichimbia kaburi.

Lakini ona lililobadilika. Godauni lilijengwa na fundi wa mbali, likajazwa na wapagazi wa msimu, likasimamiwa na karani. Aliyejenga na aliyejaza sasa walikuwa watu wawili wasiojuana.

Tena mambo ya ushirika yalipitia mabadiliko mengi. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ikapewa mamlaka ya zao la pamba. Mwaka 1982 sheria mpya ikarudisha vyama vikuu. Kuanzia msimu wa 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa tena. Mwaka 2005 ikapitishwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala, ambayo humwezesha mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa hati. Na mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ukazaliwa, makao makuu yake Bariadi, ukawa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pamba nchini.

Kila mabadiliko yanapotokea, funguo za ghala hupita kutoka mkono hata mkono. Anayekabidhi hutoa funguo, daftari la mali, na mihuri. Lakini ni nani anayekabidhi habari za nguzo? Ni nani anayesema, "Sakafu hii hubeba kiasi hiki, na ile boriti ilipata ufa mwaka juzi"?

RAFU ZA CHUMA

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, majeshi, hasa ya Marekani, yalikuwa na mizigo mingi mno ya kusafirisha. Yakatumia kwa wingi chaga za mbao, ambazo wengine huziita paleti, pamoja na foklifti, yaani gari dogo lenye meno mawili mbele linaloinua chaga pamoja na mzigo wake. Baada ya vita mtindo huo ukaenea katika biashara. Na kwa kuwa foklifti huinua juu, watu wakajenga rafu ndefu za chuma ili chaga zipangwe moja juu ya nyingine bila kukandamizana. Siku hizi rafu hizo zipo katika maghala ya mijini ya mbolea, saruji, vinywaji, dawa na vipuri. Kijana wa Bariadi aliyekwenda kutafuta kazi Mwanza au Dar es Salaam huenda akajikuta anafanya kazi chini yake.

Rafu hiyo ina viungo vichache tu. Ziko nguzo zilizosimama, zilizofungwa kwa boliti sakafuni. Iko mihimili iliyolala kutoka nguzo hadi nguzo, na juu yake hukaa chaga. Viko vyuma vya mshazari vinavyozuia nguzo zisiyumbe. Na ziko pini ndogo za usalama zinazoshika mhimili usichomoke foklifti inapoupiga kwa chini. Pini ni ndogo kama kidole, lakini ikikosekana mhimili waweza kung'oka na mzigo wote ukashuka.

Kisha kipo kibao. Rafu iliyowekwa kwa kufuata taratibu huwa na kibao chenye tarakimu. Kibao hicho ni neno la fundi aliyekwisha kuondoka. Kwa kuwa hayupo tena kusema, ameacha maandishi. Hebu tusikilize kijana mmoja akimwuliza mtunza ghala.

"Shikamoo, mzee. Kibao hiki kinasema nini?"

"Marahaba, kijana wangu. Kinasema chaga moja isizidi kilo 1,000. Tabaka moja, lenye chaga mbili, lisizidi kilo 2,000. Na matabaka yote matatu, kati ya nguzo hii na ile, yasizidi kilo 6,000."

"Na hii tarakimu ya chini?"

"Hiyo ni kimo cha mhimili wa kwanza kutoka sakafuni. Ukiuhamisha, tarakimu zote za juu si kweli tena."

Kijana alishangaa, na labda wewe pia umeshangaa. Kuhamisha mhimili mmoja kunabadilishaje nguvu ya nguzo, na chuma ni kile kile? Tufanye jaribio.

JARIBIO LA UFITO

Chukua ufito mwembamba ulionyooka, wenye urefu wa mita moja. Usimamishe mezani na uubonyeze kwa kiganja kutoka juu. Utaona unapinda upesi katikati. Sasa ukate nusu, ubonyeze tena. Utatumia nguvu nyingi zaidi kabla haujapinda.

Mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Uswisi, Bwana Leonhard Euler, alitoa kanuni ya jambo hili mwaka 1744. Kanuni yake yasema kwamba nguzo nyembamba ikiwa na urefu mara mbili bila kushikwa katikati, mzigo unaotosha kuipinda hauwi nusu ya ule wa kwanza, bali robo. Soma tena: robo! Sasa mwombe mwenzako aushike ufito mrefu katikati kwa vidole viwili, halafu ubonyeze. Umepata nguvu tena. Vidole vya mwenzako ndivyo mihimili ya rafu. Mhimili haubebi chaga tu, bali pia unaishika nguzo isipinde. Ukiupandisha mhimili wa kwanza ili kuingiza mzigo mrefu, umeiacha nguzo na mguu mrefu usioshikwa.

Ndiyo maana pia nguzo iliyopigwa na foklifti ikapinda haiaminiki. Kuinyoosha kwa nyundo hakuirudishii nguvu yake. Mzigo uondolewe, na nguzo ibadilishwe.

HESABU YA LUMBESA

Haya, kalamu mkononi. Rafu yetu inaruhusu kilo 2,000 kwa kila tabaka. Gunia moja lina kilo 100. Kila chaga ina magunia 10. Chaga mbili zina magunia 20. Zidisha 20 kwa 100, utapata kilo 2,000. Tabaka limejaa barabara, na halikuzidi.

Lakini tuseme magunia hayo ni lumbesa. Sote twaijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kofia juu ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ile ile. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipinga lumbesa. Tumezoea kusema kwamba lumbesa humwibia mkulima. Ni kweli. Leo tuone inavyomwibia hata mpagazi.

Tuseme kila lumbesa ina kilo 120. Magunia 20 mara 120 ni kilo 2,400. Tabaka limezidi kwa kilo 400. Matabaka ni matatu, kwa hiyo 2,400 mara 3 ni kilo 7,200. Kibao kilisema 6,000. Zimezidi kilo 1,200, sawa na magunia 12 ya halali ambayo hayamo katika daftari wala hayaonekani kwa macho. Karani amehesabu magunia 60, ameandika magunia 60, na amelala usingizi. Nguzo haihesabu magunia. Nguzo inahesabu kilo.

Mnaona sasa jinsi mizani ile ya kwanza inavyoshikana na ya pili? Mzigo usiopimwa kwa haki mlangoni utakuwa hatari ndani.

AJALI MBILI

Nitawapa mifano miwili kutoka mbali, ili tujue kwamba hata nchi zenye mitambo mingi hazisamehewi. Mwezi wa Mei 2016, katika kijiji cha Hinstock nchini Uingereza, rafu za ghala lililojaa jibini zilianguka. Dereva mmoja wa foklifti alifunikwa na vyuma na mizigo. Waokoaji walifanya kazi kwa muda wa saa nane hivi, wakamtoa akiwa hai. Tarehe 2 Oktoba 2020, katika mji wa São Luís nchini Brazili, rafu za duka kubwa ziliporomoka mbele ya wanunuzi. Rafu moja iliangusha nyingine, kama mabua ya mtama yanavyolazwa na upepo. Mfanyakazi mmoja alikufa, na watu wanane waliumia.

Kuanguka kwenyewe ni kwa dakika moja, au chini yake. Hakuna nafasi ya kukimbia. Nafasi ya kujiokoa ni ile ya siku na miezi kabla, wakati dalili zinapoonekana.

DALILI NA WAJIBU

Basi nawatajia mambo ambayo kila mtu wa ghala yampasa kuyatazama.

Kwanza, soma kibao. Kama hakipo, au kimefutika, uliza. Rafu isiyo na kibao ni kama dawa isiyo na karatasi ya maelezo.

Pili, tazama mhimili. Ukibebeshwa mzigo utapinda kidogo, na hilo ni la kawaida. Kanuni inayotumika Ulaya yasema usipinde zaidi ya sehemu moja katika 200 ya urefu wake. Mhimili wa mita 2 una sentimeta 200, kwa hiyo usishuke katikati zaidi ya sentimeta 1. Na ukishushwa mzigo, sharti urudi ulivyokuwa. Usiporudi, umechoka.

Tatu, tazama pini, boliti za sakafuni, na nguzo za pembeni ambazo foklifti hupita karibu nazo.

Nne, mizigo mizito iwekwe chini, na myepesi juu. Chaga iliyovunjika isipandishwe.

Tano, usipande juu ya rafu kama mtu apandaye mwembe, wala usiketi chini ya mzigo kutafuta kivuli. Wakumbuke Wazande.

Sita, ukiona kasoro, sema, na mwenye ghala asimkasirikie anayesema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka mahali pa kazi pawe salama, na inamtaka mfanyakazi naye atoe habari anapoona hatari. Anayetoa habari si mchochezi. Anafanya kazi yake.

KUSOMA NI KINGA

Namalizia kwa jambo linalowahusu ninyi hasa. Mwaka 1968 Serikali yetu, ikisaidiwa na UNESCO, ilianzisha mpango wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya Shinyanga. Watu wazima wa huku walifundishwa kusoma kwa vitabu vilivyozungumza juu ya kazi zao wenyewe, na pamba ilikuwa mojawapo. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya mtihani wa taifa wa 1975 walihesabiwa kuwa 39 katika 100. Darasa lako la leo ni mtoto wa kazi ile.

Babu yako hakuhitaji kibao, kwa sababu kihenge alikijenga mwenyewe. Baba yake mtu aliyekwenda kituoni miaka ya 1940 alihitaji kusoma mizani, na kwa kutokusoma alipunjwa fedha. Wewe unaweza kuingia katika ghala lililojengwa na mtu usiyemjua, kwa chuma kilichotoka nchi usiyoijua, na juu ya kichwa chako zikawapo kilo 6,000. Kinachokuunganisha na yule fundi ni kibao kimoja chenye tarakimu nne au tano. Ukikisoma, mmekutana. Usipokisoma, mnafanya kazi kila mmoja gizani kwake.

Wazee wetu waliuliza, mzigo wangu una uzito gani? Wakasumbuka, wakaungana, wakapata jibu. Sisi tuongeze swali la pili, hiki kinachoubeba kina nguvu gani? Mwenye majibu yote mawili anaweza kuingia ghalani asubuhi, na jioni akarudi nyumbani kwa watoto wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kijiji chenu, ni nani anayejua nguvu ya ghala la chama? Je, habari hizo zimeandikwa mahali?

2. Rafu inaruhusu kilo 1,500 kwa kila tabaka. Mtu ameweka magunia 14 ya lumbesa, kila moja kilo 115. Je, amezidisha? Kwa kilo ngapi?

3. Kihenge au ghala likianguka kwenu, watu huuliza swali gani kwanza? Lingefaa kuwa lipi?

4. Nendeni mkatazame ghala moja lililo karibu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Andikeni mambo matatu mliyoyaona mazuri, na matatu yanayohitaji kutengenezwa.

Jibu la swali la pili: 14 mara 115 ni kilo 1,610. Amezidisha kwa kilo 110.